Namna ya Kumpanga Arithropodi Katika Himaya ya Wanyama, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza kujifunza arithropodi, yaani wanyama wenye kiunzi cha nje na miguu yenye maungio, hayabadiliki. Je, buibui ni mdudu? Jongoo yuko kundi moja na nyungunyungu? Kaa na nge wote wana makoleo, mbona hawawekwi pamoja? Mwongozo huu umeandikwa ili uweze kuyajibu mwenyewe ukiwa na mnyama mbele yako, bila kukariri orodha ndefu ya majina. Utaanzia juu, kwenye himaya, na kushuka ngazi kwa ngazi hadi pale ushahidi ulionao utakapokufikisha. Mara nyingi utakufikisha kwenye oda au familia tu, wala hilo si kasoro, kwa sababu jibu la ngazi ya juu lililo sahihi lina manufaa kuliko jina la spishi lililobahatishwa.

Jambo moja lieleweke mapema. Karibu kila anayeanza huhesabu miguu kwanza, kwa kuwa alifundishwa kwamba mwenye sita ni mdudu na mwenye minane ni buibui. Ushauri wangu ni kuanza na vipapasio. Miguu hukatika, huongezeka kadiri mnyama anavyokua, hufichwa chini ya mwili, na baadhi ya viungo vinavyoonekana kuwa miguu si miguu hata kidogo. Vipapasio navyo hudanganya, lakini mara chache zaidi, na idadi yake huigawa faila nzima, yaani kundi kubwa la arithropodi wote, katika mafungu matatu kwa swali moja tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji mnyama mwenyewe, au picha zake nne zilizo wazi: ya juu, ya ubavuni, ya chini na ya kichwa kwa mbele. Picha moja ya mgongoni haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi iko tumboni na mdomoni. Zaidi ya hayo, andaa vitu vifuatavyo:

- lenzi ya mkono inayokuza mara 10, au hadubini ikiwa ipo;
- sahani nyeupe na taa inayomulika kutoka pembeni;
- kibano chenye ncha laini na kijiti cha kugeuzia viungo;
- rula yenye milimita;
- chupa ndogo yenye kizibo na alkoholi ya asilimia 70, kama sampuli itahifadhiwa;
- daftari na penseli.

Penseli imetajwa kwa makusudi, kwa maana alkoholi huyeyusha wino wa kalamu nyingi, na lebo iliyofutika huifanya sampuli isiwe na thamani. Weka alkoholi mbali na moto. Usimshike kwa mkono mtupu nge, tandu, buibui usiyemjua wala kiwavi mwenye manyoya. Tumia kibano, au umfanyie kazi akiwa ndani ya chupa angavu.

Ngazi utakazopitia ni himaya, faila, nusufaila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Ziandike zikiwa safu moja daftarini kabla hujamgusa mnyama, kila ngazi na mstari wake, kisha ujaze ukiwa unashuka.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni arithropodi

Himaya haitakusumbua: kiumbe mwenye seli nyingi, asiye na kuta za selulosi, anayekula viumbe wengine au mabaki yao, huandikwa chini ya Animalia. Kazi inaanzia kwenye faila. Faila ya Arthropoda, jina lililotolewa na Mjerumani Karl von Siebold katika karne ya 19, ina zaidi ya spishi milioni moja zilizokwisha kuelezwa, yaani takribani nne katika kila spishi tano za wanyama zinazojulikana. Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba mnyama wako ni wa humo, lakini usidhani tu. Tafuta dalili tatu, na zote tatu zipatikane pamoja:

- kiunzi cha nje chenye dutu ngumu iitwayo kitini, ambacho mnyama hukiambua ili akue;
- mwili uliogawanyika katika pingili, hata kama baadhi ya pingili zimeungana;
- miguu, vipapasio au viungo vingine vyenye maungio.

Nyungunyungu ana pingili, ila hana kiunzi cha nje wala miguu. Huyo ni wa faila ya Annelida, na kufanana kwake na jongoo kunaishia kwenye pingili hizo. Konokono ana gome gumu, lakini gome hilo hukua pamoja naye bila kuambuliwa, na mwili wake hauna pingili wala miguu. Huyo ni wa Mollusca. Wanyama wa faila ya Onychophora ndio wanaokaribia zaidi, kwa kuwa wana vipapasio, wana miguu mingi na huambua ngozi, lakini miguu yao ni laini na haina maungio.

*Onyo.* Kukosa dalili kwa mbali si sawa na dalili kutokuwapo. Wanyama wa kundi la Cirripedia hujigandisha kwenye miamba na kwenye matumbo ya meli wakiwa ndani ya vigamba vigumu vya chokaa, na wataalamu wenyewe waliwaweka pamoja na konokono na chaza mpaka John Vaughan Thompson alipoonyesha mwaka 1830 kwamba mabuu yao huogelea na yana umbo la gegereka, yaani kundi la kaa na kamba. Ukichungulia ndani ya vigamba hivyo wakati mnyama anakula majini, utaona miguu yenye pingili ikitoka na kurudi, ikichota chakula.

Hatua ya 2: Tambua hatua ya ukuaji

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo chanzo cha nusu ya majibu mabaya ninayoyaona. Vigezo karibu vyote vya hatua zinazofuata vimeandikwa kwa ajili ya mnyama mzima. Ukivitumia kwa mtoto, vitakupeleka kwingine.

Mabawa yaliyokamilika ni dalili ya mdudu mzima. Oda ya Ephemeroptera peke yake, miongoni mwa wadudu walio hai, ina hatua yenye mabawa yanayoruka ambayo bado itaambua ngozi mara moja zaidi. Vijibawa vifupi visivyokunjuka, vilivyolala mgongoni mithili ya vifuko, ni alama ya tunutu, yaani mtoto wa mdudu asiyepitia hatua ya pupa. Mwili laini, mrefu, usio na mabawa wala macho makubwa, huenda ni buu.

*Onyo.* Kupe aliyetoka kwenye yai ana miguu sita, si minane. Jozi ya nne hutokea baada ya kuambua ngozi. Jongoo wa spishi nyingi huanza maisha akiwa na jozi tatu tu za miguu na pingili chache. Kwa kuhesabu miguu pekee, wote wawili wangeandikwa kuwa wadudu. Kiwavi naye hupotosha kwa upande wa pili: ana jozi tatu za miguu ya kweli karibu na kichwa, yenye maungio na kucha, na nyuma yake ana miguu ya bandia, minene na laini, isiyo na maungio, ambayo haihesabiwi.

Hatua ya 3: Tazama vipapasio

Mwelekeze mnyama kichwa kwenye taa na utazame mbele ya macho yake. Usianze kuhesabu chochote kingine mpaka uwe umejibu swali hili.

*Hakuna kipapasio hata kimoja.* Uko kwenye nusufaila ya Chelicerata. Badala ya vipapasio na taya, mnyama huyu ana kelisera, jozi ya viungo vilivyo mbele kabisa ya mdomo. Kwa buibui ndivyo vinavyobeba meno ya sumu. Nyuma ya kelisera ipo jozi ya pili, pedipalpi, ambayo umbo lake hubadilika mno kutoka kundi hadi kundi.

*Jozi mbili za vipapasio.* Uko kwenye Crustacea, yaani gegereka. Kwa kamba jambo hili liko wazi: jozi ndefu inayopinda kurudi nyuma kupita urefu wa mwili, na juu yake, katikati ya macho, jozi fupi ambayo kila kipapasio chake kimegawanyika. Kwa kaa jozi zote mbili ni fupi na zimekunjwa kwenye vishimo kati ya macho, kwa hiyo tumia kijiti kuzitoa.

*Jozi moja.* Ni Myriapoda au Hexapoda, na hatua ya 4 itakuamulia.

Sasa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo mtu hujiamini kupita kiasi. Buibui wa jenasi ya Myrmarachne huishi karibu na siafu na chungu, na huinua miguu yake ya mbele hewani na kuitikisa, hivyo ukimtazama kwa haraka unaona mdudu mwenye vipapasio viwili na miguu sita. Fuata kila kinachodhaniwa kuwa kipapasio mpaka kwenye shina lake: kipapasio huota kichwani mbele ya mdomo, mguu huota kwenye sehemu ileile inayobeba miguu mingine. Kanuni hiyo moja huondoa pia utata wa Amblypygi, jamaa za buibui ambao jozi yao ya kwanza ya miguu imerefuka na kuwa nyembamba kama uzi, nao huitumia kupapasa njia.

Udanganyifu wa namna nyingine ni wa gegereka wanaoishi nchi kavu, wa oda ya Isopoda, wale wa kijivu wenye jozi saba za miguu wanaopatikana chini ya mawe na magogo, ambao baadhi hujiviringisha wakiguswa. Jozi yao ya kwanza ya vipapasio ni ndogo mno na haionekani bila hadubini, kwa hiyo lenzi ya mkono itakuonyesha jozi moja tu. Jozi saba za miguu, zote zinazofanana, ndizo zitakazokurudisha kwenye njia.

Hatua ya 4: Hesabu miguu na sehemu za mwili

Mgeuze mnyama chali. Hesabu upande mmoja, kwenye mashina ya miguu na si kwenye ncha zake, kisha zidisha kwa mbili. Shina hubaki hata mguu unapokatika.

Ukipata jozi tatu za miguu, zote zikitoka kifuani, na mwili wenye kichwa, kifua na fumbatio (sehemu ya nyuma), nusufaila ni Hexapoda. Ukipata kichwa kikifuatwa na kiwiliwili kirefu chenye miguu karibu kila pingili, ni Myriapoda. Jozi nne bila vipapasio, mwili ukiwa na sehemu mbili au umeungana kuwa kipande kimoja, zinathibitisha Chelicerata. Gegereka hawana idadi moja ya miguu, ndiyo maana vipapasio vilitangulia.

Nge anastahili kutazamwa kwa ukaribu, maana huondoa utata mwingi kwa mara moja. Mlaze chali aliyehifadhiwa. Utaona jozi nne za miguu zikikutana katikati ya kifua, na mbele yake, kila upande wa mdomo, shina nene la koleo. Koleo hilo ni pedipalpi, si mguu. Katikati ya mdomo kuna vijikoleo viwili vidogo: hizo ndizo kelisera. Shuka nyuma ya jozi ya mwisho ya miguu na utakuta vitu viwili vyenye meno yaliyopangwa mstari, vimelala kushoto na kulia. Ni viungo vya hisi ambavyo arithropodi mwingine hana, na ukiviona huhitaji ushahidi wa ziada kwamba una nge. Kisha mchukue kaa na umgeuze vilevile. Makoleo yake yako kwenye mstari mmoja na miguu mingine, nayo ni jozi ya kwanza kati ya jozi tano. Ndiyo sababu kaa na nge hawakai pamoja: kila mmoja amegeuza kiungo tofauti kuwa koleo.

*Onyo.* Wanyama wa oda ya Solifugae, jamaa za buibui, wana pedipalpi ndefu mno, hata mtu huhesabu miguu kumi. Baadhi ya buibui-bahari wana jozi tano au sita za miguu ya kweli. Na kaa-mtawa, anayeishi ndani ya gome la konokono, ana jozi mbili za mwisho zilizosinyaa ambazo hazionekani mpaka atoke.

Hatua ya 5: Shuka kwenye ngeli

Ndani ya Chelicerata, takribani kila unayemkuta nchi kavu ni wa Arachnida. Waliobaki ni wa baharini: buibui-bahari wa Pycnogonida, na Xiphosura, wenye gamba kubwa la mgongoni na mkia ulionyooka kama mwiba, ambao wamebaki spishi 4 tu duniani. Kwa Arachnida, angalia mahali sehemu mbili za mwili zinapokutana. Kiuno chembamba sana, pamoja na vichirizi vya hariri mwishoni mwa fumbatio, ni buibui, oda ya Araneae. Mkia wa pingili wenye mwiba wa sumu ni Scorpiones. Mwili wa kipande kimoja, usio na kiuno, waweza kuwa wa kupe, utitiri au Opiliones. Hawa wa mwisho wana miguu mirefu myembamba na pingili zinazoonekana kwenye fumbatio.

Ndani ya Myriapoda, tazama pingili moja ya katikati kwa lenzi. Tandu, wa ngeli ya Chilopoda, ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, imekaa pembeni, na chini ya kichwa ana makucha mawili ya sumu ambayo ni jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka. Jongoo, wa ngeli ya Diplopoda, ana jozi mbili kwa pete moja, zikitokea karibu na mstari wa katikati. Ila pete za mbele humpotosha anayeanza, kwa kuwa ya kwanza haina miguu na tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Kwa hiyo usihesabu karibu na kichwa. Jozi za miguu ya tandu mzima huwa kati ya 15 na 191, na daima ni namba witiri. Kwa jongoo, spishi ya Eumillipes persephone kutoka Australia, iliyoelezwa mwaka 2021, ndiyo ya kwanza kujulikana kuwa na miguu zaidi ya 1,000. Mmoja wao alihesabiwa 1,306. Ngeli nyingine mbili, Symphyla na Pauropoda, zina wanyama wadogo sana wa udongoni, na hutazihitaji mara kwa mara.

Gegereka wana ngeli kadhaa, lakini wengi wa wanaoonekana bila hadubini, kama kaa, kamba, kambakoche na wale wa Isopoda, huangukia Malacostraca. Ukihesabu jozi tano za miguu ya kutembelea, makoleo yakiwemo, andika oda ya Decapoda. Usishangae kwamba kaa anaonekana kukosa fumbatio: limekunjwa chini ya kifua, na unaweza kulifunua kwa ncha ya kibano.

Hexapoda wengi ni Insecta, yaani wadudu. Swali pekee ni kama sehemu za mdomo ziko nje au zimefichwa ndani ya kichwa. Zikiwa ndani, una Collembola, Diplura au Protura, ambao siku hizi hawaitwi wadudu ijapokuwa wana miguu sita. Collembola ndio wa kawaida, na hutambulika kwa kifyatuo kilichokunjwa chini ya fumbatio ambacho huwarusha hewani. Protura hawana vipapasio kabisa, kinyume cha kanuni ya hatua ya 3. Lakini urefu wao haufiki hata milimita 3, kwa hiyo hutakutana nao kwa bahati.

Hatua ya 6: Tafuta oda ya mdudu

Anza na mabawa, endelea na mdomo, malizia na namna ya kukua. Mpangilio huu hutosha kwa wadudu wengi unaowafahamu:

- Mabawa ya mbele yamekuwa magamba magumu yanayokutana kwa mstari ulionyooka mgongoni: Coleoptera, mbawakawa, wenye takribani spishi 400,000 zilizoelezwa.
- Mabawa manne yaliyofunikwa na vigamba vinavyoacha unga vidoleni: Lepidoptera, vipepeo na nondo.
- Jozi moja tu ya mabawa, na nyuma yake vijiti viwili vifupi vyenye vifundo: Diptera, nzi na mbu.
- Mabawa manne angavu, ya nyuma yakiwa madogo na yamenasishwa kwenye ya mbele: Hymenoptera, nyuki, nyigu na chungu.
- Mdomo ni mrija wa kufyonzea uliokunjwa chini ya kichwa: Hemiptera, kunguni na vidukari.
- Miguu ya nyuma mirefu ya kurukia na mdomo wa kutafuna: Orthoptera, panzi na nzige.
- Macho makubwa, vipapasio vifupi mno, mabawa marefu yasiyokunjika: Odonata, kereng'ende.

Orodha hii ina mapengo kwa kusudi, kwa maana oda za wadudu hukaribia 30 na hakuna anayezijua zote siku ya kwanza. Kukosa mabawa kusikupeleke moja kwa moja kwenye oda zisizo na mabawa: chungu wafanyakazi hawana mabawa, na bado ni Hymenoptera.

Hatua ya 7: Endelea chini kwa ufunguo wa utambuzi, na ujue pa kusimama

Kuanzia familia, macho matupu hayatoshi. Tumia ufunguo wa utambuzi unaokuuliza maswali mawili mawili, uliotungwa kwa ajili ya oda hiyo na eneo alikopatikana mnyama. Soma pande zote mbili za kila swali kabla ya kuchagua, na uandike namba ya kila swali ulilopitia ili uweze kurudi. Usilinganishe picha mpaka ukapata inayofanana. Spishi nyingi hutofautiana kwa mishipa ya bawa, kwa vinyweleo au kwa viungo vya uzazi, mambo ambayo picha ya kawaida haionyeshi. Swali likikushinda, simama kwenye ngazi iliyotangulia na uandike hivyo.

Hatua ya 8: Andika jibu kwa kanuni

Jina la spishi lina maneno mawili kwa hati ya mlazo: jenasi kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo, kwa mfano *Apis mellifera*. Majina ya familia za wanyama huishia na -idae. Ukijua jenasi tu, andika jenasi kisha "sp." Majina ya wanyama huhesabiwa tangu mwaka 1758, toleo la kumi la kazi ya Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka mfumo huu wa majina, ila buibui peke yao wana upendeleo, kwa kuwa majina aliyoyatoa Carl Clerck mwaka 1757 yamekubaliwa.

Chukua mfano. Juu ya ua ametua mdudu wa rangi ya kahawia na manjano, mwenye ukubwa wa nyuki, na kila mtu aliyepo anasema ni nyuki. Ana kiunzi cha nje, pingili na miguu yenye maungio: Arthropoda. Ana jozi moja ya vipapasio na jozi tatu za miguu: Hexapoda. Mdomo uko nje: Insecta. Sasa tazama vizuri. Vipapasio ni vifupi na vinene, si virefu vyenye kiwiko kama vya nyuki. Macho yamechukua karibu kichwa chote. Na chini ya bawa, kila upande, kuna kijiti cheupe chenye kifundo badala ya bawa la pili. Huyo ni Diptera. Mishipa ya bawa ikimulikwa, unaona mshipa usio wa kweli, mstari usioungana na mishipa mingine, ambao ni alama ya familia ya Syrphidae. Mshipa mmoja mrefu umepinda kwa kina kuelekea chini katikati ya bawa, dalili inayoelekeza kwenye jenasi ya *Eristalis*. Andika "*Eristalis* sp." na usimame hapo mpaka upate ufunguo wa jenasi hiyo.

Mambo yanapokwama

*Vipapasio vimekatika.* Tafuta vishimo vyake. Kwa mdudu kuna vishimo viwili vya duara mbele ya macho au kati yake, hata baada ya kipapasio kudondoka. Kwa buibui hakuna. Usipoviona, angalia kama ana taya zinazofungukia pembeni au kelisera.

*Idadi ya miguu upande mmoja haifanani na upande mwingine.* Chukua iliyo kubwa, kisha thibitisha kwa mashina. Arithropodi wengi huota mguu upya wanapoambua ngozi, na mguu mpya huwa mfupi mwanzoni.

*Nina ngozi tupu, mnyama hayupo.* Ngozi iliyoambuliwa hubeba karibu kila kitu: miguu, vipapasio, hata vifuniko vya macho. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache ili ilainike, kisha ufuate hatua zilezile.

*Buu halina miguu kabisa.* Hapo usivuke oda, na mara nyingine usifike hata huko. Mabuu ya nzi, ya nyuki na ya baadhi ya mbawakawa yote hukosa miguu. Njia ya kuaminika ni kulilea buu likiwa kwenye chakula kilekile ulikolikuta mpaka litoe mdudu mzima.

*Kiwavi ana miguu ya bandia mingi mno.* Viwavi wa vipepeo na nondo kwa kawaida hawazidi jozi tano za miguu hiyo. Ukihesabu sita au zaidi, huenda ni buu la Hymenoptera wanaokula majani, na jibu la Lepidoptera lifutwe.

*Vitabu viwili vinampanga mnyama mmoja sehemu mbili.* Angalia miaka ya kuchapishwa kwake. Kitabu cha zamani kitaiweka Arthropoda karibu na Annelida kwa sababu ya pingili. Tangu mwaka 1997 ushahidi wa vinasaba umeiweka pamoja na minyoo wa faila ya Nematoda na wengine wanaoambua ngozi, katika kundi la Ecdysozoa. Mchwa walikuwa na oda yao, Isoptera, ila sasa wamo ndani ya Blattodea pamoja na mende. Na utakuta kazi nyingi mpya zikiwaunganisha wadudu na gegereka chini ya jina la Pancrustacea, kwa sababu wadudu wamechipuka kutoka ndani ya ukoo wa gegereka. Nusufaila nne za mwongozo huu bado zinakufikisha kwenye jina sahihi la mnyama. Ila ukitakiwa kuchora mti wa nasaba, usimchore mdudu kando ya jongoo eti kwa kuwa wote wana jozi moja ya vipapasio. Mchore ndani ya tawi la kaa na kamba, kisha uandike chini ya mchoro ni mpangilio upi umeufuata na wa mwaka gani.